Njia ya mwenye ndoo: matembezi mepesi ya mito na misitu Lindi na Mtwara

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Mtwara mjini mwaka huu nikitokea Shinyanga. Mume wangu ana miaka 56, ana kisukari na goti la kulia linamsumbua, na daktari amemwambia atembee. Tuna kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9. Kutembea mjini kumetuchosha, ni vumbi, bodaboda na jua. Tungependa Jumamosi twende mashambani, pembeni mwa mto au msituni, mahali pasipo na kupanda milima. Lakini kila tunayemuuliza anatutajia nyoka, mamba na simba, na wengine wanatushangaa kabisa: mtu mwenye nauli yake anataka kutembea porini kwa miguu! Je, kusini kweli kuna pa kutembea kwa raha? Tuanzie wapi, lini, na tujihadhari na nini? Binti naye anauliza kama ataona mnyama yeyote. Mama wa wawili, Mtwara.

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibuni kusini. Nimekuwa bwana misitu miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa Lindi, na enzi zetu kazi hii ilikuwa ya miguu, maana gari lilikuwa moja na misitu ilikuwa mingi. Kwa hiyo swali lako nimelipokea kwa furaha. Pa kutembea papo, tena pengi, na mumeo atapaweza akianza taratibu.

Huku hutakuta njia zilizotengenezwa kwa watalii, zenye vibao na mishale. Utakuta vijia vya watu: vya kwenda shamba, kisimani, mtoni, kijiji cha pili. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kuchagua kijia, na mimi nina kipimo kimoja ambacho hakijanidanganya. Tazama nani anakitumia. Kijia anachopita mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani ndicho kijia cha goti la mumeo. Mtu aliyebeba ndoo iliyojaa haruki mtaro, hashuki ghafla, hainami chini ya tawi. Akipita hapo yeye, na mama yake kabla yake, na bibi yake kabla ya mama, kijia kinajichonga chenyewe. Kinazunguka kisiki, kinakata mteremko kwa mshazari, na matawi yanafyekwa hadi kimo cha ndoo, ambacho ni zaidi ya kimo cha mtu mzima. Ukitembea humo unaona kabisa kwamba miguu ya watu wengi imekufikiria.

Kijia cha mwindaji ni kitu kingine. Kinakata moja kwa moja, kinaingia kwenye vichaka, halafu kinapotea. Cha wachoma mkaa ni kipana na kinavutia, ila mwisho wake ni tanuri. Ukifika njia panda na hujui ushike ipi, subiri kidogo. Atapita mtu mwenye mzigo.

Hata mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru ilisafiri kwa namna hiyo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wachimbaji kutoka Berlin walifukua mifupa ile kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, na hapakuwa na barabara wala reli ya kuifikisha pwani. Wapagazi wetu waliibeba vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, maelfu ya mizigo. Mmoja wa mijusi hiyo amesimamishwa leo kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Kila nikiona picha yake nawaza vijia waliovichagua wale wapagazi. Tendaguru kwenyewe sikushauri uanzie, ni mbali na njia yake ni ngumu. Nimeitaja ili ujue kwamba kutembea kwa miguu nchi hii si jambo geni, hata kama majirani zako wanashangaa.

Sasa uielewe nchi ilivyokaa, kwa sababu ukishaielewa utajichagulia mwenyewe mahali. Kusini kuna nyanda za juu zilizo bapa kama meza: Uwanda wa Makonde, wenye Newala upande mmoja, na Uwanda wa Rondo huko Lindi. Katikati yake limepita bonde la mto Lukuledi, unaomwaga maji yake baharini pale Lindi. Kusini kabisa kuna Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Udongo wa juu ya nyanda ni mchanga mwingi. Mvua ikinyesha inazama yote, ndiyo maana juu kule mito ni shida na kwa vizazi watu wa Newala walishuka mabondeni kuteka maji, hadi mradi wa kusukuma maji kupanda uwandani ulipoanza miaka ya 1950. Maji yaliyozama juu hayapotei. Yanatembea chini ya mchanga, yakikuta tabaka gumu yanatafuta pa kutokea, na yanatokea chini, kwenye mguu wa ukingo wa uwanda. Hapo ndipo penye chemchemi, vijito, migomba na miti ya kijani hata mwezi wa tisa wakati kila kitu kingine kimekauka.

Ndiyo kusema: familia yako itembee chini ya ukingo, au itembee juu ya uwanda. Msitembee ukingo wenyewe. Mteremko kati ya juu na chini ndio unaoua magoti, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Mwenye goti bovu hujiona shujaa akipanda, akalia akishuka.

Mahali ninapopapenda kuliko pote kwa watu kama ninyi ni Ndanda. Iko kwenye barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Mingoyo, kilomita 40 hivi kabla ya kufika Masasi. Wamisionari Wabenedikti walijenga pale mwaka 1906, na abasia yao na hospitali vipo hadi leo. Ukisimama barabarani ukatazama kusini unauona ukingo wa Uwanda wa Makonde umesimama kama ukuta wa kijani. Chini ya ukuta huo maji yanatoka. Kwa mjini Mtwara ni mbali kwa kwenda na kurudi siku moja, kwa hiyo nendeni Ijumaa jioni, mlale, Jumamosi muamke alfajiri.

Nikueleze asubuhi moja pale, nilipokuwa nimempeleka shemeji yangu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Tulifuata kijia cha kinamama kutoka kwenye nyumba za mwisho, hatukupita hata nusu saa. Kwanza hewa ilibadilika, ikawa ya ubaridi wenye harufu ya majani yaliyolowa. Kisha tukasikia ndoo zikigongana kabla hatujaona mtu. Kichemchemi chenyewe hakikuwa kikubwa kuliko karai. Mchanga wa chini yake ulikuwa ukicheza, punje nyeupe zinapanda na kushuka pale maji yanapopenyeza, kama uji unaotaka kuchemka. Mama mmoja alikuwa akiteka kwa kikombe cha plastiki, polepole, asitibue. Alipojaza akakunja kanga yake ikawa kata, akaiweka kichwani, mwenzake akamtwisha, akapiga jani la mgomba juu ya maji ili yasimwagike, akaondoka bila kushika ndoo. Shemeji yangu alikaa kwenye gogo saa nzima akitazama. Aliniambia tangu hospitali hakuwa amepumua vile.

Hapo hapo Ndanda mnaweza kutembea saa mbili au tatu bila kupanda kitu, mkifuata mguu wa ukingo, mkivuka vijito na mashamba. Kijana wako wa miaka 14 atataka kupanda ukutani hadi juu. Mpeni mtu wa hapo ampeleke, ninyi wengine mbaki na maji.

Lakini msianzie Ndanda. Anzeni karibu. Jumamosi mbili za kwanza nendeni Mikindani, kilomita 10 tu kutoka mjini, mfike saa 12 asubuhi. Tembeeni kandokando ya ghuba maji yakiwa yamekupwa, mpite mikokoni, mrudi kwa vijia vya nyuma ya mji wa kale penye mibuyu na minazi. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kuingia bara, na hata yeye alianza kwa tambarare. Waonyeshe watoto tofauti ya mkoko na mchu: mkoko unasimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mchu unachomoza mizizi yake midogo juu ya tope, wima, kama penseli zilizochomekwa. Saa moja na nusu inatosha. Shabaha ya siku hizo mbili ni kujua mumeo anatembea kwa kasi gani na goti linaanza kulalamika dakika ya ngapi. Mtu mzima hutembea kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare. Ninyi na mtoto wa miaka 9 hesabuni 3, na kila mkikuta kitu kizuri msimame.

Siku nyingine, mkiwa Lindi mjini, pandeni kivuko kwenda Kitunda, ng'ambo ya mlango wa Lukuledi. Safari ya maji ni fupi, watoto watafurahi, na upande wa pili kuna vijia vya chini ya minazi na mikorosho vinavyotazama ghuba.

Msitu sasa. Magharibi ya Lindi mjini, karibu na Ziwa Rutamba, kuna Msitu wa Hifadhi wa Litipo. Ni mdogo na nchi yake haina milima ya kusumbua, na ni msitu wa pwani kwelikweli, wa aina ambayo imebaki vipande vipande tu kutoka Kenya hadi Msumbiji. Ukitoka kwenye mashamba ukaingia, jua linazimika. Miti imefungwa na mitoria na kamba nyingine za porini, chini kuna majani makavu, na sauti yako mwenyewe unaisikia karibu. Ukipata bahati utawasikia hondohondo wakipita juu, wanalia kama watoto wachanga. Misitu ya hifadhi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo pitieni ofisi yao ya wilaya kwanza, muulize kibali na muombe mtu wa kuwaongoza. Nasema hivi kama mtu aliyekuwa akikutana na wageni msituni bila taarifa. Mgeni mwenye kibali nilikuwa namwonyesha kila nilichokijua. Asiye na kibali nilimrudisha barabarani, na wote wawili tulipoteza siku.

Rondo ni ya baadaye, mkishazoea. Ni mwinuko wa mita 800 hadi 900 hivi, asubuhi kuna ukungu na mtavaa sweta, jambo ambalo Mtwara hamtalipata. Gari lipande, ninyi mtembee juu, ambako ni bapa. Kuna hifadhi ya mazingira asilia na kuna shamba la miti, na barabara za ndani ya shamba la miti ni pana na laini, goti litazipenda. Msiende mvua ikinyesha, barabara ya kupanda huko ikilowa inateleza vibaya.

Newala mwende kutazama. Pale panapoitwa Shimo la Mungu unasimama kwenye ukingo na nchi yote inaanguka mbele yako hadi bonde la Ruvuma, na Msumbiji iko ng'ambo. Mkae, mle, mpige picha. Kushuka msishuke.

Na Ruvuma wenyewe? Ni mto mzuri mno, mpana, wenye visiwa vya mchanga, na najua mtautamani. Lakini una mamba na viboko, na ni mpaka wa nchi. Msiende kutembea ukingoni kwake kwa uamuzi wenu. Fikeni kwa serikali ya kijiji, mkiwa na vitambulisho, na mkiambiwa leo hapana, basi ni hapana. Mkiruhusiwa, mwenyeji atawaonyesha mahali pa kusimama. Kaeni mbali na maji, msichote, msinawe, na binti awe upande wa ndani, wewe upande wa mto. Mamba haonekani kabla. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kuhusu wakati, mwaka wetu una masika moja: mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kukatika Aprili au Mei. Wakati wa mvua nyasi ni ndefu kupita kimo cha mtoto, vijito vimejaa na mbu ni wengi. Juni na Julai ndiyo miezi yenu. Upepo wa kusi unapoza, mito bado ina maji, nyasi zimeanza kulala na asubuhi ni baridi nzuri. Agosti hadi Oktoba ni kukavu, jua kali, na ndio wakati wa moto kichaa, ule moto wa porini unaowashwa na kuachwa. Mkiona moshi mbele, upepo ukiwaelekea, geuzeni hapo hapo. Mwezi wa tisa na wa kumi una zawadi yake lakini: miombo ya bara, kabla mvua haijanyesha, huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, pori zima linawaka bila moto.

Anzeni kutembea jua likichomoza na saa 4 muwe mmekaa kivulini. Jioni huku Juni giza linaingia mapema, saa 12 na nusu hamuoni njia. Saa 10 jioni muwe mmeshaanza kurudi, popote mlipo.

Tuje kwenye hofu za majirani zako. Simba na tembo wapo kusini, sikufichi. Lakini makao yao ni bara zaidi, huko Liwale, Nachingwea, Nanyumbu na mapori ya Kilwa magharibi. Huku mnakoenda, mchana, karibu na vijiji, hatari yake ni ndogo, na tembo akiwa amepita kijiji kizima kinajua. Ndiyo maana nasema ulizeni kwanza. Nyoka wapo kila mahali. Vaeni viatu vinavyofunika kifundo na suruali ndefu, mwenye fimbo atangulie akigonga gonga, msivuke gogo bila kuangalia upande wa pili, msitie mkono shimoni. Kifutu ndiye wa kuogopa zaidi kijiani, kwa sababu hakimbii. Analala tu kama jani kavu hadi akanyagwe. Mtu akiumwa, asikimbie, kiungo kisitikisike, kifungwe gango kama mtu aliyevunjika, na apelekwe hospitali upesi. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu.

Lakini vinavyoumiza watembezi huku mara nyingi si hivyo. Nikwambie vitatu ambavyo hakuna jirani aliyekutajia.

Cha kwanza ni mashimo ya ming'oko. Ming'oko ni viazi vya porini, virefu vyembamba, watu wa Lindi na Mtwara tunavipenda mno. Kiangazi wachimbaji huingia vichakani, wanafuata kamba yake hadi ardhini na kuchimba, wakati mwingine hadi kiunoni kwa kina. Wakishatoa wanaondoka. Majani yanaanguka, shimo linafunikwa. Mguu wa mumeo ukiingia humo, goti limekwisha. Kwa hiyo msitoke kijiani hata hatua tatu bila fimbo kupima mbele, na hasa msitoke penye vichaka vizito. Mkikutana na wachimbaji nunueni. Chemsheni na maganda yake, mmenye, mle na chumvi kidogo. Mumeo apime kiasi, ni wanga.

Cha pili ni upupu. Juni hadi Septemba utaona maganda yanayoning'inia kwenye vichaka, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri, na binti yako atataka kuyashika. Asishike. Hata upepo tu unatosha kuyapeperusha. Ukipata, usijikune wala usisugue, unayazamisha zaidi. Wenyeji hupaka majivu au tope laini, wakaliacha likauke na kulibandua na manyoya yake. Jikinge kwa mikono mirefu, na kiongozi wenu ataujua upupu ulipo.

Cha tatu ni salfa. Kuanzia Juni hadi Agosti wakulima wa korosho hupuliza unga wa salfa mikoroshoni kuzuia ubwiri, ugonjwa wa mikorosho, na huifanya kazi hiyo alfajiri, umande ukiwapo na upepo ukiwa umetulia. Ndiyo saa yenu ya kutembea pia. Mkisikia mashine inanguruma shambani, subirini ipite, maana unga ule unawasha macho na kifua. Vinginevyo shamba la mikorosho ni pazuri pa kutembea, kivuli kizito na chini pamefagiwa. Ila kila mti una mwenyewe. Msiokote korosho hata moja.

Na maji yaliyotulia, kama kwenye majaruba ya mpunga, madimbwi na kingo za maziwa, yana kichocho. Yanaonekana safi, lakini msitembee humo peku wala watoto wasicheze. Vukeni kwenye daraja la gogo, na kama halipo, tafuteni mahali pengine.

Mumeo nina maneno yake peke yake. Miguu ya mwenye kisukari huweza kupoteza hisia, akachubuka asijue. Viatu visiwe vipya siku ya safari, soksi ziwe kavu, na jioni wewe mwenyewe uikague miguu yake, katikati ya vidole na nyayo, kwa tochi. Asitembee na njaa. Abebe kitu cha sukari mfukoni, pipi au juisi, na akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka au kuongea ovyo, apewe papo hapo, akae. Dawa zake na mwendo huo azungumze na daktari wake kabla ya Jumamosi ya kwanza. Kwa goti, akate fito mbili nyepesi zinazofika kiwikoni, moja kila mkono. Na maji: kwa kila mtu nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na lita moja ya akiba ambayo haiguswi hadi mrudi.

Lililobaki ni adabu, na kwangu hili si dogo. Mkifika kijijini, kabla ya kijia chochote, nendeni kwa mtendaji au mwenyekiti, mpige hodi, mseme ninyi ni nani na mnataka nini. Mtapewa kijana wa kuwasindikiza. Patana naye bei mapema, na isipungue kibarua cha siku shambani, kwa sababu siku yake ya shamba ndiyo anayowapa. Kuna misitu midogo ya matambiko na ya makaburi ambayo haina kibao. Yeye anaijua. Baada ya mavuno, na siku hizi hasa likizo za shule, ni msimu wa jando na unyago. Mkisikia ngoma porini, au mkikuta tawi limelazwa kukatiza njia, msilivuke na msitumie simu kupiga picha. Geuzeni, salimianeni na mtakayemkuta, mtafute njia nyingine. Wewe ni mwalimu, watoto wale kesho watakuwa darasani kwako.

Na binti yako. Mwambie kuna komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kuliko wote, ana gramu 60 hivi, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa, na anaishi kwenye misitu michache ya Tanzania tu, Rondo na Litipo ikiwamo. Huyo ni wa usiku, itabidi amsikie siku mtakapolala karibu na msitu. Wa mchana ni sange. Ana pua ndefu inayocheza, miguu myembamba, ukubwa wake kama sungura mdogo. Mkiingia Litipo, tafuteni gogo la kukaa, mkague kwanza, kisha kaeni wote kimya dakika 10, simu zimezimwa. Mtasikia majani makavu yanafukuliwa: cha, cha, kimya, cha. Watu wengi hudhani ni ndege na kuinuka kuondoka. Binti asiinuke. Ageuze macho tu, taratibu, kichwa kibaki pale pale.